Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Usipoilisha haipandi,
na ukishailisha, mara nyingine husahau kwamba imekula,
kama mbunge.

Nakaa ghorofa ya nane, hapa Rustavi.
Miaka thelathini na mmoja nimeyeyusha chuma
cha nchi iliyobadili jina nikiwa zamu ya usiku:
niliingia kiwandani raia wa huku,
nikatoka raia wa kule,
na buti zilezile.

Jumamosi, Tsiala wa ghorofa ya tisa
alisimama mbele ya lifti na viazi kilo tano.
Akapapasa mifuko ya koti,
akapapasa tena, taratibu,
kama mtu anayetafuta kitu
alichokwisha kujua hakipo.
Kisha akashika ngazi.

Nilikuwa nyuma yake. Sarafu ninayo.
Nilidhani ananyoosha miguu.

Hapana, huo ni uongo. Sikudhani kitu.
Nilikuwa nawaza juu ya taifa.

Maana nilikuwa natoka kwa Jumber kinyozi,
ambako kila wiki tunaitengeneza nchi:
tunafukuza mawaziri, tunanyoosha reli,
tunawarudisha watoto wetu kutoka Italia na Poland,
na ikifika saa saba njaa inatuita nyumbani,
tunaacha sakafuni nywele na jamhuri,
Jumber anafagia vyote pamoja.

Usiku ule nilimsikia Tsiala juu ya dari yangu,
akimenya, akitembea, akikaa.
Ghorofa tisa. Nilizihesabu kwa miguu yake.

Asubuhi nikachukua kopo la kahawa,
nikalifunga kwa waya kando ya mlango wa lifti,
nikatia sarafu kumi na mbili na karatasi:
*Asiye nayo achukue. Aliye nayo aongeze.*
Nikaisoma. Nikakata sentensi ya pili.
Ilinuka hotuba.

Siku ya kwanza kopo likawa tupu kabla ya adhuhuri.
Siku ya pili likaibwa, lenyewe na waya wake.
Mke wangu Lamara hakusema neno,
ila jioni nilimwona akinywa kahawa bila hamu,
kikombe juu ya kikombe,
ili kopo jingine liishe upesi.

Siku ya sita nilikuta humo sarafu kumi na saba,
kifungo cha shati
na peremende moja iliyokwisha kulambwa.

Guram wa ghorofa ya nne ananicheka.
"Umeponya nini? Lifti ni mbovu ileile.
Aliyekula pesa za kuitengeneza amejenga nyumba baharini.
Wewe unamfichia aibu kwa kopo!"
Anasema kweli. Sina jibu, na nimelitafuta.
Nikamwomba anishikie ngazi ya mbao
nibadilishe balbu ya kordo yao,
iliyokufa tangu msimu wa zabibu.
Akaishika huku akinilaumu.
Akaishika vizuri.
Taa ilipowaka tukaona jinsi kuta zilivyo chafu,
naye akanyamaza,
kesho yake akauliza bei ya rangi.

Mwananchi, wanasema, ni mwana wa nchi.
Kule Tbilisi mama yetu wa alumini amesimama kilimani,
bakuli la divai mkono huu kwa wageni,
upanga mkono ule kwa maadui.
Nimemtazama tangu utotoni kwa fahari.
Siku hizi naona tu
kwamba hana mkono wa tatu wa kubebea viazi.

Barua kwa manispaa nimeandika, ya nne sasa,
na majina arobaini na moja chini yake.
Guram alitia sahihi kwa wino mwekundu, kwa hasira.

Tsiala mwenyewe hajaligusa kopo.
Anasema hizo ni za wenye shida,
na kila Alhamisi hutupia moja.
Halafu hushika ngazi.

Basi siku za soko namsubiri pale chini,
nikijifanya nasoma mita ya maji.